Kompyuta imekwama kwenye «grub rescue» baada ya kuongeza patisheni: je, hesabu za wakulima bado zipo?

KaraniHombolo aliuliza:

Habari za jioni, wanajukwaa.

Mimi ni karani wa kikundi cha wakulima wa zabibu hapa Hombolo, Dodoma. Siku za mavuno napokea zabibu, napima, naandika kilo za kila mkulima, nakata madeni ya dawa na mbolea waliyokopeshwa, kisha naandaa orodha ya malipo. Hesabu zote za mavuno ya Agosti na Septemba ziko kwenye lahajedwali moja, na lahajedwali hilo liko upande wa Ubuntu katika kompyuta mpakato ambayo tangu jana jioni haiwaki. Wakulima 63 wanaisubiri orodha hiyo Ijumaa. Nakala ya mwisho niliyoiweka kwenye flashi ni ya Julai, kabla hata kreti ya kwanza haijapimwa.

Kompyuta yenyewe ni ya mtumba na umri wake umesogea. Ina diski ya gigabaiti 500 yenye mifumo endeshi miwili: Windows 10, ambayo niliikuta nilipoinunua, na Ubuntu 22.04, ambayo kijana mmoja aliyekuwa akisoma chuo hapa Dodoma alinisaidia kuiweka. Kila nilipoiwasha ililetwa kwanza menyu ya kuchagua ama Ubuntu ama Windows, nami nikachagua kulingana na kazi ya siku hiyo.

Jana mchana, nikiwa upande wa Windows, nilitaka kupata mahali pa kuhifadhia picha za mashamba. Nilifungua zana ya kusimamia diski, nikaipunguza patisheni D (yaani sehemu ya diski iliyotengwa) kwa gigabaiti 60, na katika nafasi iliyobaki wazi nikatengeneza patisheni mpya nikaipa herufi E. Hakuna onyo lolote lililotokea. Nilinakili picha zangu, nikazima. Jioni nilipowasha ili niendelee na orodha ya malipo, menyu haikuja. Kilichokuja ni kioo cheusi chenye mistari mitatu, juu upande wa kushoto:

error: unknown filesystem.
Entering rescue mode...
grub rescue>

Nimezima na kuwasha zaidi ya mara kumi. Nimeandika neno «help», nikajibiwa kwamba amri hiyo haijulikani. Leo asubuhi nimeipeleka mjini kwa fundi. Aliitazama kwa muda usiozidi dakika moja, akaniambia kwamba mfumo umekufa, kwamba dawa yake ni kupiga Windows upya kwa shilingi 30,000, na kwamba vyote vilivyomo vitaondoka. Nikaichukua, nikarudi nayo kwenye daladala nikiwa nimeipakata kama mtoto mgonjwa.

Naomba kuuliza mambo mawili. Je, faili zangu bado zipo, au nilizifuta nilipotengeneza ile E? Na kama zipo, je, kuna njia ya kuiamsha Ubuntu bila kupakua kitu kikubwa kutoka intaneti, maana bando nililo nalo halifiki gigabaiti 3?

MwanaMakole alijibu:

Pole sana, Karani. Nami yalinikuta yanayofanana na hayo. Niliazima flashi ya kusakinishia Windows, nikaingia katika sehemu ya kurekebisha mfumo, nikafungua dirisha la amri na kuandika bootrec /fixmbr. Nilipowasha upya, kompyuta iliingia Windows moja kwa moja. Huhitaji intaneti ukipata mtu wa kukuazima flashi hiyo.

FundiWaIhumwa alijibu:

Ndugu Karani, pole kwa msukosuko. Naomba usimruhusu mtu yeyote kupiga Windows kwenye mashine hiyo, na usitengeneze wala kufuta patisheni nyingine yoyote mpaka jambo hili liishe. Kwa jinsi ulivyolieleza, nina hakika kubwa kwamba hesabu zako ziko palepale zilipokuwa. Kilichopotea ni anwani ya kufikia Ubuntu, na anwani unaweza kuiandika upya kwa mkono kwenye hicho kioo cheusi bila kupakua chochote.

Ushauri wa MwanaMakole una ukweli ndani yake, lakini haumfai Karani kwa sasa. Amri ile huandika msimbo wa Windows katika sekta ya kwanza ya diski na haiigusi orodha ya patisheni, kwa hiyo Windows itaamka na Ubuntu haitafutika. Lakini Ubuntu itabaki bila mlango, na anachokihitaji Karani kiko huko.

Nieleze kidogo kinachotokea, kwa sababu ukikielewa hutaogopa kuandika amri. Katika kompyuta za aina yako, zile zinazowaka kwa BIOS ya zamani (programu ya ubao mama inayoanza kompyuta inapowashwa), sekta ya kwanza ya diski ina baiti 512 tu. Kati ya hizo, baiti 446 ni za msimbo wa kuwashia, 64 ni za orodha ya patisheni kuu nne, na mbili za mwisho ni alama ya kuthibitisha. GRUB, ambayo ndiyo butiloda yako (programu inayoleta menyu na kuiamsha mifumo endeshi), haiwezi kuenea katika baiti 446. Kwa hiyo huweka hapo kipande kidogo cha kwanza; kipande hicho hukiita cha pili, kilichofichwa katika nafasi iliyopo kabla ya patisheni ya kwanza kuanza; na hicho cha pili ndicho kinachokwenda kutafuta menyu na moduli (vipande vya programu) nyingine zote ndani ya patisheni ya Ubuntu, kwenye folda ya /boot/grub.

Tatizo lako limekaa kwenye hatua hiyo ya tatu. Siku Ubuntu iliposakinishwa, kipande cha pili kiliandikiwa kwamba folda hiyo iko kwenye patisheni ya namba fulani. Tuseme D ilikuwa namba 5, Ubuntu ikawa namba 6, na swapu (nafasi ya diski inayosaidia kumbukumbu ya kompyuta) namba 7. Ulipoikata D na kutengeneza E katikati ya D na Ubuntu, E ilichukua namba 6, Ubuntu ikasogezwa ikawa 7, na swapu ikawa 8. Hakuna hata herufi moja ya faili zako iliyohama kwenye diski. Namba ndizo zilizobadilika. GRUB bado inakwenda kubisha hodi nyumba namba 6, inamkuta mpangaji mgeni anayetumia mfumo wa faili wa Windows ambao kipande hicho kidogo hakijui kuusoma, ndipo inaposema «unknown filesystem».

Maneno ya kosa ndiyo yaliyonipa uhakika, na inasikitisha kwamba mara nyingi hayasomwi. Kama ungekuwa umeifuta patisheni na namba 6 isiwepo tena, ungeona «no such partition». Wewe umeambiwa kwamba patisheni ya namba hiyo ipo, ila haisomeki. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Sasa fanya hivi. Chomoa flashi na kifaa chochote cha USB kilichochomekwa, kwa sababu huweza kubadilisha namba za diski. Unganisha chaja, umeme ukikatika katikati hutapoteza chochote katika hatua hizi za mwanzo, lakini utalazimika kuanza upya. Andika amri ya kwanza:

ls

Italeta orodha ya vitu kama (hd0) na (hd0,msdos7). GRUB huhesabu diski kuanzia 0 na patisheni kuanzia 1. Kisha ziulize patisheni moja baada ya nyingine, kwa mfano:

ls (hd0,msdos7)

Unaitafuta ile ambayo haitajibu «unknown». Hali hii ya dharura inafahamu amri nne pekee, yaani ls, set, unset na insmod, ndiyo maana «help» ilikataliwa. Amri ya ls husoma tu, haiandiki chochote kwenye diski, kwa hiyo hata ukikosea namba huwezi kuharibu kitu. Zingatia pia kwamba hapo kibodi inasomwa kwa mpangilio wa Kimarekani: mabano ni Shift pamoja na 9 na Shift pamoja na 0, hata kama vibonye vyako vimechorwa vingine.

Tuletee majibu yote kama yalivyo, hata kwa picha ya simu.

KaraniHombolo alijibu:

Ahsante sana, ndugu yangu. Nimekaa nayo mezani tangu saa moja jioni, na haya ndiyo niliyoyapata. Amri ya kwanza imeleta:

(hd0) (hd0,msdos8) (hd0,msdos7) (hd0,msdos6) (hd0,msdos5) (hd0,msdos2) (hd0,msdos1)

Mwanzoni kila patisheni niliyoiuliza ililetewa kosa, nikakata tamaa, mpaka nilipogundua kwamba nilikuwa naacha nafasi baada ya mkato, kama tunavyofundishwa kuandika barua. Nilipoiondoa nafasi hiyo, namba 1, 2, 5, 6 na 8 zote zimejibu «Filesystem is unknown.» Namba 7 imejibu hivi:

(hd0,msdos7): Filesystem is ext2.

Hapa nimesita. Nakumbuka vizuri kwamba kijana aliyeniwekea Ubuntu alichagua ext4, kwa sababu alinieleza maana yake. Je, hii ext2 si dalili kwamba mfumo wa faili umeharibika? Sijaendelea mbele, nasubiri neno lako.

FundiWaIhumwa alijibu:

Umefanya vyema kusita, lakini usiwe na wasiwasi. Moduli inayosoma ext2, ext3 na ext4 ndani ya GRUB ni moja, na jina lake ni ext2, kwa hiyo zote tatu hutajwa kwa jina hilo. Hilo jibu ni habari njema.

Thibitisha kwa kuangalia ndani, safari hii ukiongeza mkwaju (/) baada ya mabano:

ls (hd0,msdos7)/
ls (hd0,msdos7)/boot/grub

Ya kwanza ikikuonyesha majina kama home, etc na boot, hapo ndipo nyumbani kwa Ubuntu yako. Ya pili inapaswa kuonyesha grub.cfg na folda iitwayo i386-pc. Jina hilo la folda lisikuchanganye: hutumika kwa mashine zote zinazowaka kwa BIOS ya zamani, hata kama prosesa ni ya biti 64. Ukiyaona hayo mawili, andika mistari minne hii, mmoja mmoja, bila kuacha nafasi mahali ambapo mimi sikuacha:

set prefix=(hd0,msdos7)/boot/grub
set root=(hd0,msdos7)
insmod normal
normal

Mistari miwili ya kwanza haijibu kitu. Inaipa GRUB anwani mpya. Wa tatu unapakia moduli ya kawaida, na ukinyamaza ujue umekubali. Wa nne utakuletea menyu yako. Ukiichagua Ubuntu itaamka bila shida ya namba, kwa sababu menyu yenyewe huitafuta patisheni kwa kitambulisho chake cha kudumu, ambacho hakibadiliki hata namba ikibadilika.

Tafadhali fahamu kwamba marekebisho haya yanakaa kwenye kumbukumbu ya muda tu. Ukizima kabla ya kufanya hatua ya pili, ya kuiandika anwani hiyo kwa kudumu, kioo cheusi kitarudi na utaandika tena. Na Ubuntu ikiamka, kabla ya amri nyingine yoyote, chomeka flashi na unakili lile lahajedwali. Marekebisho ya butiloda yanaweza kusubiri dakika tano.

KaraniHombolo alijibu:

Nimeiona folda ya home. Ndani ya home nimeona jina langu, na ndani ya jina langu nimeiona folda ya «Mavuno». Nilikaa nikiitazama kwa muda kabla sijaendelea na ile mistari minne.

Menyu imekuja. Ubuntu imewaka kama ambavyo imekuwa ikiwaka siku zote. Nimefungua lahajedwali: mstari wa mwisho ni wa mkulima aliyeleta kreti siku ya kufunga mapokezi, na kilo zake ni zilezile nilizoziandika kwenye risiti ya karatasi. Nimenakili faili kwenye flashi mbili, moja nimempa mwenyekiti. Kompyuta bado inawaka na sijathubutu kuizima. Nini kinafuata?

FundiWaIhumwa alijibu:

Nimefurahi sana kwa ajili yako na kwa ajili ya hao wakulima.

Sasa tuandike anwani mpya ya kudumu. Chomoa flashi kwa utaratibu, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), uandike kwanza:

lsblk -f

Hii itakuorodheshea diski na patisheni. Diski yako ya gigabaiti 500 kwa kawaida itaitwa sda, na Ubuntu itaonekana kwenye sda7 ikiwa na alama ya mkwaju, kuonyesha kwamba ndiko mfumo unakoendeshwa. Ukihakikisha hivyo, andika:

sudo grub-install /dev/sda
sudo update-grub

Angalia kwa makini mstari wa kwanza: ni sda, si sda7. Tunaandika mwanzoni mwa diski nzima, kule kwenye sekta ya kwanza na ile nafasi inayoifuata, wala si ndani ya patisheni. Wengi huongeza namba kwa mazoea, na ndipo mambo yanapogoma. Amri hii ikifanikiwa itasema kwamba usakinishaji umekamilika bila kosa. Ya pili inaijenga menyu upya.

Soma majibu ya hiyo amri ya pili. Unatakiwa kuona mstari unaoitaja Windows. Ukiona badala yake onyo kwamba os-prober haitaendeshwa, usishangae: kuanzia GRUB 2.06, iliyotoka mwaka 2021, programu hiyo inayotafuta mifumo mingine kwenye diski imezimwa mpaka mwenye kompyuta aiwashe, kwa sababu za usalama. Kuiwasha ni kufungua faili la /etc/default/grub kwa haki za msimamizi, kuongeza mstari huu, kuhifadhi, na kurudia sudo update-grub:

GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false

Hapo unaweza kuizima kompyuta na kuiwasha.

Kwa faida ya wengine watakaosoma hapa baadaye: ikitokea kwamba hata ile mistari minne imegoma, kwa mfano kwa sababu folda ya /boot/grub yenyewe imeharibika, ipo zana huria iitwayo Super GRUB2 Disk. Unaiandika kwenye flashi, unawasha kompyuta kwa flashi hiyo, nayo inaitafuta mifumo iliyopo kwenye diski na kukupa orodha ya kuchagua. Ni ndogo mno ukilinganisha na faili la kusakinishia Ubuntu, ambalo linazidi gigabaiti 4, kwa hiyo bando la kawaida la siku linatosha.

BintiKondoa aliuliza:

Samahani kwa kuingilia. Mimi niko Kondoa na tatizo langu linafanana, ila kompyuta yangu ni mpya zaidi. Sipati kioo cheusi kabisa. Baada ya Windows kujisasisha, inaingia Windows moja kwa moja kana kwamba Ubuntu haijawahi kuwepo. Nilijaribu kutafuta hiyo grub rescue ili nifuate maelezo ya hapo juu, sikuipata. Je, ya kwangu ndiyo imefutika?

MwalimuTEHAMA alijibu:

Dada, haijafutika, na maelezo aliyopewa Karani hayakuhusu, kwa sababu mashine yako karibu kwa hakika inatumia UEFI, mfumo wa kuwashia uliochukua nafasi ya BIOS ya zamani. Huko mpangilio ni tofauti. Hakuna msimbo uliobanwa kwenye baiti 446. Ipo patisheni ndogo ya pekee, yenye mfumo wa faili wa FAT32, ambamo kila mfumo endeshi una folda yake ya butiloda. Windows hukaa kwenye EFI/Microsoft, na Ubuntu hukaa kwenye EFI/ubuntu. Ubao mama wenyewe unatunza orodha inayosema nani aitwe kwanza. Baada ya sasisho kubwa, Windows huweza kujiweka mbele ya foleni, basi. Ubuntu inabaki ikisubiri zamu ambayo haifiki.

Washa kompyuta huku ukibonyeza kitufe cha menyu ya kuwashia (kwa baadhi ya kampuni ni F12, kwa nyingine F9 au Esc), uchague «ubuntu». Ikiamka, fungua terminali na uandike:

sudo efibootmgr

Utaona orodha yenye namba, tuseme Boot0000 kwa Windows na Boot0003 kwa ubuntu, pamoja na mstari wa BootOrder unaoonyesha foleni. Kuipanga upya, kwa namba zitakazoonekana kwako wewe wala si hizi za mfano wangu, ni hivi:

sudo efibootmgr -o 0003,0000

Naongeza onyo moja ambalo naliona ni la lazima. Ukisoma kwenye intaneti utakutana na ushauri wa kuzima Secure Boot (kinga inayoruhusu butiloda zilizoidhinishwa pekee) mara moja. Usiuguse mpangilio huo kabla hujajua kama diski yako ya Windows imefungwa kwa BitLocker (kufuli la Windows linalosimba data ya diski), kwa sababu mabadiliko ya namna hiyo huweza kuifanya Windows idai ufunguo wa kuokolea wenye tarakimu 48. Asiyekuwa nao, data yake ya Windows haifunguki. Mara nyingi ufunguo huo huwa umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta, kwa hiyo ingia uunakili kwenye karatasi kwanza.

Kuzima Secure Boot kulikuwa na sababu ya kweli baada ya sasisho la Windows la tarehe 13 Agosti 2024. Sasisho hilo lilizuia butiloda za Linux zenye udhaifu wa usalama, na likagusa pia kompyuta nyingi zenye mifumo miwili ambazo hazikukusudiwa. Waliokumbwa waliona maneno «Verifying shim SBAT data failed: Security Policy Violation», kisha mashine ikajizima. Njia iliyotumika ilikuwa kuzima Secure Boot kwa muda, kuingia Linux, kuandika sudo mokutil --set-sbat-policy delete, kuwasha upya mpaka ndani ya Linux, kisha kuirudisha Secure Boot. Kama hujaona maneno hayo kwenye kioo chako, hiyo si dawa yako.

BintiKondoa alijibu:

Nashukuru, Mwalimu. Kwangu kitufe kilikuwa F9. Ubuntu ilikuwepo ya pili kwenye foleni, kama ulivyosema. Nimeipandisha, na menyu imerudi. Ufunguo wa BitLocker nimeukuta kwenye akaunti na nimeuandika, ingawa sikulazimika kuutumia.

KaraniHombolo alijibu:

Ndugu Fundi, nimefuata hatua zote. Onyo la os-prober lilitokea kama ulivyotabiri. Nimeongeza mstari ule, nikarudia amri, na safari hii Windows imetajwa. Nimezima na kuwasha mara tatu, na menyu imekuja mara zote tatu. Ile E yenye picha nayo ipo salama.

Kwa kuwa niko mbele ya wanaojua, naomba niulize jambo dogo ambalo nimelivumilia kwa muda mrefu. Kila nikitoka Ubuntu na kuingia Windows, saa ya Windows inarudi nyuma kwa saa tatu kamili. Saa nne asubuhi inasomeka saa moja, na risiti ninazochapa huko zinatoka na muda usio sahihi, nikawa narekebisha kwa mkono kila mara. Je, hili nalo linatokana na GRUB?

FundiWaIhumwa alijibu:

Hapana, GRUB haihusiki hapo. Ubuntu huiweka saa ya ndani ya kompyuta katika majira ya dunia, UTC, kisha huongeza saa tatu ili kupata majira yetu ya Afrika Mashariki. Windows huisoma saa hiyohiyo ikidhani tayari ni ya hapa kwetu, ndiyo maana tofauti ni saa tatu kamili na si mbili wala nne. Njia rahisi ni kuiambia Ubuntu ifuate desturi ya Windows:

timedatectl set-local-rtc 1

Itakupa onyo kwamba mpangilio huo unaweza kuleta matatizo katika nchi zinazobadilisha saa mara mbili kwa mwaka. Tanzania haibadilishi saa, kwa hiyo tumia bila hofu. Baada ya hapo ingia Windows, rekebisha saa mara moja ya mwisho.

Na siku ukitaka tena kukata au kuongeza patisheni kwenye mashine hiyo, nakili kwanza folda ya «Mavuno» kwenye flashi, kisha uje na flashi nyingine yenye ile Super GRUB2 Disk ikiwa tayari mezani, kwa sababu namba zitahama tena kama zilivyohama safari hii.

KaraniHombolo alijibu:

Saa zimelingana pande zote mbili. Flashi ya pili nimeshaiandaa na nimeibandikia karatasi yenye ile mistari minne, nikaacha mahali pa namba pakiwa wazi. Orodha ya malipo imechapwa leo saa nane mchana, majina yote 63, na mwenyekiti ameshaitia saini.